Wifi Yangu na Mbwa wa Salamu Nyingi

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Bi Kimya. Si bubu. Ni mtu ambaye maneno yake yako miguuni. Akiwa na raha, cherehani yake ya kukanyaga inakwenda taratibu kama mtu anayetoka dukani hana haraka. Akiogopa, inakimbia. Tumekaa ukuta kwa ukuta tangu alipoletwa bibi harusi, na sijawahi kumwuliza ana nini. Nasikiliza ukutani, basi, nimeshajua.

Na mwanamke huyu hofu alizaliwa nayo. Anaogopa radi, anaogopa ngazi, anaogopa nyoka hata wa kwenye picha. Mungu naye ana mambo yake, akamwoza dereva wa malori ya mbali. Simu ikilia saa isiyo yake, wifi kwanza anakwenda kukaa kwenye cherehani, anakanyaga, ndipo anapokea. Wateja wanamsifu kwamba mishono yake imenyooka. Hawajui kwamba nusu ya mishono ile ni hofu.

Siku simu mbaya ilipokuja kweli, ilisema mdogo wangu alikuwa juu ya lori anafunga turubai, akateleza, akaangukia ubavu, nyonga ikavunjika. Wifi alishona mpaka uzi ukaisha, akaendelea kukanyaga bila uzi. Mimi ndiye niliyemshika mabega nikamwambia, wifi, hiyo nguo haishoneki tena, inuka twende.

Hospitali walimtia chuma. Daktari akatuita pembeni mimi na wifi, akasema mgonjwa atarudi nyumbani kwa magongo na atapona, lakini asianguke. Neno hilo alilirudia mpaka nikamwona kama anatugombeza. Akasema akianguka kabla mfupa haujashika, tusitegemee kumwona amesimama tena. Tulipofika kwa wifi, kabla hajatia ufunguo mlangoni, Salamu akachomoka nyuma ya nyumba, akaturukia wote wawili.

Salamu ni mbwa. Mdogo wangu alimleta akiwa mdogo wa kuenea kwenye kofia, na yeye ndiye aliyemharibu. Alikuwa akirudi safari anapanua mikono, na mbwa anaruka kutoka huko anamkumbatia kama ndugu waliopoteana vitani. Mbwa akajua hiyo ndiyo adabu ya kusalimia watu. Basi akakua. Akisimama kwa miguu ya nyuma anakuwekea mikono mabegani, anakulamba mpaka ndani ya sikio. Ubaya hana, hajamwuma mtu. Lakini muuza maji alilala chali pamoja na madumu yake, na mwalimu mstaafu wa nyumba ya pembeni alitafuta miwani yake kwenye matope kwa kupapasa. Mapenzi ya mbwa yule ni ya kumlaza mtu. Na mtu aliyempenda kuliko wote ndiye huyo anayerudi na chuma kwenye nyonga.

Mimi nilisema dawa ni fimbo. Nilisema na bado nasema, fimbo haijawahi kukosa mwanafunzi. Muuza maji akasema mnyororo. Mwalimu akasema apewe mtu wa shamba, mbali sana. Wifi alitikisa kichwa kwa yote. Kumgawa hakuweza, maana kila tulipokwenda wodini swali la kwanza la mdogo wangu lilikuwa mbwa hajambo, sisi tukaulizwa baadaye. Na kumpiga hakuweza, maana alimwogopa. Miaka yote ile amekaa na mbwa huyo, chakula chake anakisukuma kwa ufagio.

Akaenda kwa daktari wa mifugo anayechanja mbwa wa mtaa. Aliporudi alinieleza kwa kirefu, na kule kueleza kwa kirefu tu kulinitia wasiwasi, si kawaida yake. Daktari kamwambia mbwa anaruka kwa sababu akiruka anapata anachotaka. Ukimshika amepata, ukimpigia kelele amepata, hata ukimsukuma yeye anaona ni mchezo. Ukimchapa atajifunza kuogopa mikono ya watu, na mbwa mwoga ndiye anayeuma. Akiruka, mpe mgongo, nyamaza, uwe nguzo. Miguu yote ikishuka chini, geuka umpe kipande cha nyama na neno zuri. Halafu mfundishe kukaa. Usichoke na usikasirike.

"Nimpe mgongo," wifi akaniambia. "Mimi, wifi. Nisimwone yuko wapi."

Nikamwambia mume ni wake na mbwa ni wake, mimi nilikuja kuazima chumvi.

Lakini sikuondoka. Nilikaa kwenye kiti nikamwona anaanza. Alichemsha maini, akayakata vipande kama punje za mahindi, akavitia kwenye mfuko wa aproni. Mbwa akaja mbio, wifi akageuka akashika fremu ya mlango, macho kayafumba, uso umekuwa kama majivu. Mbwa akamparamia mgongoni. Kucha zikachana gauni. Wifi hakulia, hakusema. Nilihesabu pumzi zake maana zilikuwa zinasikika. Mbwa akachoka na mgongo usiojibu, akashuka. Wifi akaangusha kipande cha ini sakafuni bila kutazama, kama mtu anayetupa kitu kisimani.

Ikawa hivyo kila kukicha. Halafu kazi ikamzidi, ulikuwa wakati wa sare za shule, akahamishia masomo kwenye cherehani. Huko hofu yake ilikuwa ndogo, miguu ina kazi. Yeye anakanyaga, mbwa akija na fujo hatazamwi. Mbwa akikaa, wifi anasema "kaa, vizuri", ini linashuka, cherehani haisimami. Mbwa akashika. Ikafika mahali ukiingia unamkuta amekaa wima kando ya cherehani kama mjumbe wa kamati, macho kwenye mfuko wa aproni. Wateja wakaingia wakatoka, hakumgusa mtu. Wifi akitaka kumpima mtu, anamfunga mbwa kwanza, ndipo anasimamisha kazi. Mimi mwenyewe nilipita mbele yake na fimbo yangu, cherehani inalia, nikamchokoza makusudi. Hakuinuka. Nikasema pengine anaumwa.

Siku ya mdogo wangu kurudi, nyumba iling'aa. Cherehani ilisukumwa pembeni, ikafunikwa shuka, kitanda kikawekwa sebuleni ili mgonjwa asipande ngazi ya chumbani. Wifi alivaa gauni la kutokea. Sakafu ya saruji aliipiga nta kwa mikono yake, heshima ya mume. Mbwa yuko kwenye kamba, kamba iko mkononi mwa wifi, ini kalishika kwenye ngumi.

Gari likasimama. Mdogo wangu akashuka, kakonda, suruali imekusanywa na mkanda. Dereva wa gari akataka kumshika, akakataa, maana kwetu kushikwa ni kushindwa. Akaja mwenyewe. Gongo, mguu. Gongo, mguu.

Mbwa akasikia. Halafu akanusa.

"Kaa," wifi akasema.

Mbwa hakukaa.

"Kaa, Salamu. Kaa."

Akasimama kwa miguu ya nyuma, kamba ikakaza, akaanza kulia kama mtoto mchanga huku anajinyonga. Mdogo wangu alikuwa kizingitini, gongo moja ndani, jingine nje, kurudi nyuma hawezi. Kwanza alicheka, akasema mwanangu huyo. Kisha nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo. Kamba ilikuwa inateleza kwenye viganja vya wifi. Nikaidaka ncha. Wanawake wawili tunaburutwa kwenye nta, visigino havina pa kushika, na kati ya mbwa na mdogo wangu nafasi ya kulaza mkeka haikuwepo.

Ndipo wifi akaiachia kamba.

Nimeona kwa macho yangu haya. Aliniachia mimi mbwa mzima, akaenda pembeni, akavuta shuka, akakaa, akaanza kukanyaga. Hakuna nguo, hakuna uzi. Nikajua hofu imemla akili. Nikajisemea, leo namzika mdogo wangu mbele ya macho yangu, na mkewe anashona hewa.

Kamba ikalegea ghafla nikakaribia kwenda chali. Mbwa alikuwa ameshuka. Amegeuza kichwa, masikio yameelekea cherehani. Akaenda kule, ananivuta kama toroli, akafika, akakaa wima pale anapokaa siku zote, mkia unafagia sakafu, anatafuta kwa macho aproni ambayo siku hiyo haikuvaliwa.

Ilisikika cherehani peke yake. Mdogo wangu akapita, gongo, mguu, gongo, mguu, mpaka kitandani. Wifi hakuacha kukanyaga mpaka nilipomshika mabega.

"Hukumfundisha kukaa," nikamwambia. "Umemfundisha cherehani."

Na ndiyo ilivyokuwa. Neno lake mbwa hakulijua hata kidogo. Alijua mlio. Ikilia anakaa, anapata ini. Ikinyamaza dunia haina sheria. Wifi alisema baadaye kwamba hakufikiria lolote, miguu yake ndiyo iliyomkimbiza.

Sasa hofu ikahamia ndani ya nyumba. Mdogo wangu akitaka kwenda msalani, kupita uani alipofungwa mbwa, anaita, "Mama watoto, kanyaga," na wifi anaacha sufuria motoni anakimbilia cherehani. Majirani wakasema Bi Kimya kazi zimemjaa. Zimejaa wapi? Alikuwa anamsindikiza mume chooni. Nami nikisikia ukutani mlio umeanza, naweka chini nilichoshika, nangoja usimame bila kishindo cha mtu kuanguka. Kutwa mbwa yuko kwenye kamba uani, analia. Mdogo wangu akanuna.

"Nimerudi kwangu," akauliza, "au nimehamishwa wodi?"

Wifi akarudi kwa daktari wa mifugo. Akaambiwa si vibaya, apunguze mlio kidogo kidogo. Akaanza upya. Akakanyaga polepole, akasema kaa. Akasimamisha kwa pumzi moja, akatoa ini, akaendelea. Akasimamisha kwa pumzi nyingi. Akainuka kwenye kiti. Akaenda dirishani. Akaenda mlangoni. Kila hatua mbwa alikosea na kila alipokosea wifi alirudi nyuma bila kugomba, na mimi nilikuwa nauma ulimi nisitaje fimbo.

Kisha akahitajika mtu wa kutembea na magongo. Nani mwingine? Nikayachukua magongo ya mdogo wangu, nikapita sebuleni kama mbuni. Mbwa akanitazama. Akanipenda. Nilijikuta nimekaa ndani ya beseni la nguo, magongo yamekwenda njia zake. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika nyonga.

Wifi hakucheka. Alisimama anatazama mahali nilipoangukia, na pale hakuniona mimi. Alinisaidia kuinuka, akamfunga mbwa, akaenda kukaa kwenye cherehani. Jioni nzima nikaisikia inakimbia.

Kesho yake akaanza tena, mwanzo kabisa.

Ilifika alasiri moja mdogo wangu akasema leo afunguliwe. Wifi akasema bado. Mdogo wangu akasema, "Mfupa utapona na kuzeeka, wewe hujamaliza kuogopa." Nilikuwepo. Nilimwona wifi anaangalia cherehani, anamwangalia mume, halafu akaenda uani akaifungua kamba.

"Akiinuka, mpe mgongo," akasema. "Usimtazame."

"Nikigeuka sitaona ninakoangukia," mdogo wangu akajibu. Alitaka iwe mzaha, haikuwa. "Dada, simama karibu yangu."

Tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa hajawahi kuniambia hivyo. Nikasimama karibu. Amepita milima na lori lisilo na breki nzuri, na shingo yake ilikuwa inatiririka jasho.

Mbwa akaingia. Mwili wote unatikisika kuanzia puani. Akaja mbio, mbele ya mdogo wangu akapunguza, miguu ya mbele ikaacha sakafu.

Mdogo wangu akageuka. Gongo, mguu, gongo, mguu, polepole mno, mpaka akautazama ukuta na mgongo wake wote ukabaki kwa mbwa. Wifi alikuwa katikati ya chumba, mikono kaikunja, na mguu wake wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka sakafuni, kisigino, vidole, kisigino, vidole, chini yake hakuna kitu.

"Kaa," akasema. Mara moja, kwa sauti ya chini.

Miguu ikashuka. Mbwa akasimama, akamtazama wifi, akautazama mgongo wa bwana wake. Akatoa mguno kama mzee anayetafuta kiti. Akakaa.

"Geuka sasa," wifi akasema. "Taratibu. Amekaa."

Akageuka. Ili atoe ini aliloliweka mfukoni ilibidi aliache gongo moja libanwe na kwapa, lakini alilitoa, akalishusha, mbwa akalichukua kwa midomo bila meno kugusa. Akabaki amekaa. Mdogo wangu akamshika kichwa, akamkuna nyuma ya sikio.

Mfupa umeshashika, gongo limebaki moja. Akitoka kuota jua, mbwa yuko kushoto kwake, anakwenda kwa mwendo wake, na wifi yuko nyuma, mikono ameipanua kama anamfuata mtoto anayejifunza kutembea. Juzi nilimwambia aache, mbwa ameshajifunza.

"Yeye ndiyo, wifi," akanijibu. "Mimi bado."