Mabano ya Binti Mgeni

Pale ofisi ya tovuti ya hospitali walimwita Kufuli, na jina likamkaa. Miaka kumi na minane aliandika programu za kurasa za miadi ya wagonjwa, na kila sharti aliloanza kwa "if" alilifunga kwa "endif", neno zima. Mabano, ambayo wengine hufungia sharti, hakuyaamini hata kidogo. Yote sura moja, alisema, utajuaje lipi limefunga nini? Nyumbani napo alikagua mlango mara tatu, mpaka mkewe akamuuliza kama anamlinda yeye au makochi.

Basi akaletwa binti mgeni, wa majaribio ya miezi mitatu, anayeandika kwa mabano na kutabasamu ovyo. Kufuli akajua huyu ana lake jambo. Mtu hakupi shikamoo ya kila asubuhi bure. Anakitaka kiti chako.

Mchana mmoja binti alipotoka kidogo, Kufuli akafungua ukurasa wa binti huyo kwenye kompyuta. Palikuwa na sharti: mgonjwa akighairi miadi, atumiwe ujumbe, kisha jina lake lifutwe. Amri mbili ndani ya mabano. Akayaondoa mabano ili aweke "endif" yake. Mara akasikia viatu mlangoni. Akahifadhi upesi, akajifanya anatafuta kalamu. Binti akaingia, akatabasamu. Anatabasamia nini huyu? Akaliwaza hilo tu, na "endif" hakuirudia tena.

Kompyuta nayo haikulalamika. Bila mabano, sharti hushika amri ya kwanza peke yake. Ile ya pili, ya kufuta, ikawa ya kila mgonjwa.

Kesho yake watu walijaa mapokezi na orodha ilikuwa tupu. Mkuu wa ofisi akaja amefura.

"Ukurasa ni wako," akamwambia binti. "Kusanya vitu vyako."

Binti hakubisha. Akaanza kukunja waya wa chaja. Kufuli akamtazama. Mbona hajitetei? Huu ni mtego. Akamfuata mpaka kwenye korido.

"Wewe, unanificha nini?"

"Sikufichi kitu, mzee. Jana nilikuona ukiyatoa mabano."

"Ukaniona, halafu ukanyamaza?"

"Nilidhani unanifundisha," binti akasema. "Nikayaacha vivyo hivyo."

Kufuli akaona haya, haya ambayo hajawahi kuiona tangu aanze kazi. Akaingia kwa mkuu bila kubisha hodi, akasema kosa ni lake.