Siku Nilipodaka Hewa

Aibu niliyoipata katika uwanja wa Nakuru nimeibeba mpaka mabega yamechoka, kwa hivyo acha niwaeleze mara hii moja kisha mniache nipumzike, maana kila nikienda matanga au harusi lazima atokee mtu mwenye kumbukumbu ndefu aniulize, "Makokha, na wale nyuki?" na watu wote wageuke kunitazama. Sina hata nguvu ya kukasirika siku hizi.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa golikipa wa timu ya kiwanda kimoja cha unga. Kazi yangu kwa jina ilikuwa kupima magunia, lakini kila mtu alijua sikuajiriwa kupima magunia, niliajiriwa kudaka mpira, na ndiyo sababu nilipewa chumba cha matofali katika nyumba za kampuni wakati wapimaji wenzangu walibanana huko mtaa wa Bondeni. Bwana mkubwa, yule meneja Mzungu aliyependa mpira kuliko mke wake (ndivyo tulivyosema, sisi tungejuaje), alikuwa na sheria moja tu: mtu wa timu analala kwa kampuni, asiye wa timu ajitafutie. Mke wangu Nafula alikuwa ametoka kwetu Bungoma na mtoto mchanga mgongoni, ndiyo mara ya kwanza tunaishi pamoja tangu tuoane, na alikuwa ameshapanda kunde kando ya mlango.

Sasa mtu wa namna hiyo si angetulia? Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kurina asali. Si kuila, kuirina: kupanda mti na moshi mkononi, kuingiza mkono ndani ya mzinga huku nyuki wananguruma masikioni. Alinifundisha Kiplagat, mpakiaji wa magunia pale kiwandani, ambaye jamaa zake walikuwa na mizinga upande wa Kariandusi, na kila siku ya mapumziko tulidandia lori tukaenda. Mwalimu wetu wa timu, Mzee Salim, alinionya mpaka akachoka. "Mwanangu, mikono hiyo si yako, ni ya timu. Ukianguka huko juu mkeo atakula nini?" Nami nilijibu ndiyo mzee, nimesikia, na wiki iliyofuata nikaenda tena.

Basi tukawa na mechi ya kombe Jumapili, na Jumamosi asubuhi Mzee Salim akatuchua mikono na miguu kwa dawa yake mwenyewe, mafuta ya nazi na karafuu na kafuri na kitu kingine ambacho hakuwahi kukitaja, harufu yake ukiisikia machozi yanatoka. Amri yake ilikuwa mtu asioge mpaka mechi iishe, na kabla ya kuingia uwanjani alikuwa ananusa mchezaji mmoja mmoja kuhakikisha. Nikitoka pale nikamkuta Kiplagat langoni. Lori lilikuwa linaondoka, mizinga huko imejaa, tungerudi kabla ya jua kutua. Nikajiambia, kidogo tu.

Chini ya mti Kiplagat akasimama, pua juu. "Wewe umejipaka nini?"

"Dawa ya mwalimu."

"Hiyo nyuki hataki kabisa. Mimi hata sabuni sipaki nikija huku. Enda mtoni ujisugue na mchanga, mimi nitangoja."

Lakini nikioga Mzee Salim angejua kwa pua yake, akaniweka nje ya mechi, na mtu akiwa nje ya mechi (hivyo ndivyo nilivyoamini) chumba kinaenda. Nikamwambia Kiplagat moshi utaficha harufu, nikapanda.

Moshi haukuficha kitu. Sikumbuki nilivyoshuka, nakumbuka nakimbia na kaptura imejaa nyuki mpaka nikaona marundo ya udongo mweupe, laini kama unga, wanaouchimba pale Kariandusi, nikajitupa ndani nikajizika. Nilipotoka nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kucha, sina kaptura, na mbele yangu wamesimama akina mama na mizigo ya kuni. Kuni zilianguka zote. Mmoja alipiga magoti akaanza kusali, na mimi kwa upumbavu wangu nikamwambia, "Usiogope, mama, mimi ni golikipa."

Jumapili jicho la kushoto lilikuwa limefungika kabisa na la kulia limebaki ufa. Nafula aliniambia nimwambie mwalimu ukweli.

"Nikimwambia, chumba kinaenda."

"Na usipomwambia?"

Nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi nikamwambia Mzee Salim ni jino limenivimbisha, naye akaninusa mkono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dawa ilikuwepo.

Mabeki wangu walifanya kazi nzuri, sikuguswa mpaka karibu na mwisho tukatozwa penalti. Niliona ukungu mwekundu, nikajua ndiye mpigaji. Refa akapiga filimbi. Nikaruka kushoto, na niwaambie kweli, sijawahi kuruka vizuri namna ile, uwanja mzima ukalipuka. Nikajua mpira umetoka nje. Nikainuka nikaenda kuwapungia watu mikono, kumbe filimbi ile ilikuwa ya kumrudisha nyuma beki wetu aliyesogea, na mpira ulikuwa bado umetulia palepale. Refa akapiga filimbi ya pili nikiwa nimeligeuzia goli mgongo, na yule bwana akausukuma ndani taratibu.

Bwana mkubwa hakunigombeza. Alisema tu chumba kitahitajika kwa kipa mwingine, akawasha gari lake.

Mzee Salim ndiye aliyenivua kofia, akaushika uso wangu kwa mikono miwili. "Hili si jino."

"Si jino, mzee."

Alinirudishia kofia kichwani. "Ungeniambia asubuhi ningekuweka akiba. Wa akiba naye ni mtu wa timu, Makokha. Wa akiba hafukuzwi chumba."

Hayo ndiyo yaliyoniuma, kuliko nyuki wote. Kesho yake Nafula aling'oa kunde zake moja moja, akazifunga kwenye kanga, tukahamia Bondeni. Njiani alisema mara moja tu, bila hasira, "Wanasema mchovya asali hachovyi mara moja. Wewe juzi hata kuchovya hukuchovya."

Ni kweli, hata tone sikuleta. Sijapanda mti tena tangu siku hiyo, asali nikipewa nawapa wajukuu, na mtu akiniuliza hali, kama ninaumwa namwambia ninaumwa. Kunde zile hazikushika Bondeni. Zilikauka zote.