Konsolata na Pamba ya Madame

Nilipokuwa mtoto wa kuchota maji, pale Goma, nilijua bila kuambiwa ni lini dada yangu Konsolata alikuwa mwezini, kwa sababu siku hizo ndoo yake ilikuwa yangu.

Tuliishi kwenye mtaa wa Waafrika, cité kama Wabelgiji walivyouita, si mbali na ufuko wa Kituku. Maji yetu yote yalitoka ziwani, ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia. Njia ilikuwa ya mawe ya volkano, meusi na makali, na mtoto aliyejikwaa na ndoo kichwani alirudi na goti lililochanika na ndoo tupu. Siku za Konsolata nilikwenda ziwani mara mbili, kwa ndoo yangu na kwa yake, wala sikulalamika. Sababu nilishaelezwa na Tate.

Tate ni bibi yetu, mama yake baba. Ndiye aliyetulea tangu mama alipofariki, akisaidiwa na binti yake mjane, Shangazi Yuliana. Baba alikuwa dereva wa lori la kahawa, leo Rutshuru, kesho Sake, na tulimzoea kwa mngurumo wa lori kuliko kwa sura. Tate alisali rozari kila jioni na hakukosa misa, lakini kuhusu ziwa alikuwa na mafundisho ambayo hakuyapata kwa padre.

"Mwanamuke mwenye damu haingie mu ziwa," alituambia. "Hata kidole. Ziwa likionja damu yako, litakufuata mupaka mu nyumba, na litaingia ndani yako."

Alisema bila kutisha, kama mtu anayekueleza kwamba chungu kina moto. Alimjua msichana mmoja wa enzi za ujana wake aliyeoga ziwani katika siku zake na hakumaliza mwezi. Wavuvi nao walisema samaki hukimbia, na hakuna mvuvi aliyekubali mwanamke aruke wavu wake uliotandazwa ukingoni. Mimi niliamini yote. Bado nakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiyatazama yale maji ya kijani na kuyaona kama mnyama aliyelala.

Konsolata hakuwa akiyaona hivyo. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kazi yake ilikuwa kulea watoto wawili wa familia moja ya Kibelgiji iliyokuwa na nyumba yenye bustani hadi majini. Madame aliogelea kila asubuhi, na aliwafundisha watoto wake, na kwa kuwa alitaka mlezi anayeweza kuwafuata majini, alimfundisha na Konsolata. Siku moja nilimsindikiza kazini nikamwona. Alikata maji kimyakimya, kichwa kikionekana, kikipotea, kikionekana tena mbali na nilipokitegemea. Alipotoka alikuwa anacheka peke yake. Katika cité nzima sikumjua mwanamke mwingine aliyeweza kuogelea.

Lakini kila mwezi alibaki nyumbani siku zake, akatuma habari kwamba ana homa. Madame si mjinga, alikuja kufahamu. Akamwambia kwamba watoto hawawezi kukosa mlezi kila mwezi, na kama hawezi, atatafutwa msichana mwingine. Kisha akampa boksi dogo.

Konsolata alinionyesha nyuma ya nyumba. Ndani mlikuwa na vitu vyeupe vilivyofungwa kwa karatasi. Alifungua kimoja. Nilikiona kama kipande cha mshumaa chenye utambi mrefu.

"Ni nini?"

"Pamba ya Madame. Yeye anaogelea nayo siku zake zote, na hakuna kitu inamufanya." Akakirudisha boksini. "Na hii, hakuna mutu atajua. Hata ziwa halitajua."

"Unakiweka wapi?"

"Ukikomaa nitakueleza," akasema, akanivuta sikio.

Mwezi ule sikuchota ndoo yake. Tate aliliona hilo, maana mabibi huhesabu siku za wasichana kuliko wasichana wenyewe. Alimwuliza kama yuko sawa. Konsolata alisema yuko sawa, na akaenda kazini akiwa na kitambaa chake cha kujifutia begani. Mwezi uliofuata ikawa vivyo hivyo. Alikuwa na furaha siku hizo, Tate hakuuliza tena, na mimi nilipumzisha magoti yangu.

Kisha familia ile ikasafiri kwenda Rumangabo kutembelea jamaa zao, na Konsolata akapewa mapumziko. Alirudi nyumbani na uso uliovimba kidogo. Siku ya kwanza alisema amechoka. Iliyofuata alikataa ugali, akatapika hata maji, na mwili wake ukawa na moto ambao niliuhisi kabla sijamgusa. Ngozi yake ilikuwa imeiva, kifua na mapaja, kama mtu aliyelala juani siku nzima. Alipojaribu kusimama kwenda msalani, alianguka mlangoni.

Baba alikuwepo wiki ile. Alimpakia kwenye lori akampeleka dispanseri. Nilikwenda nao nimebeba gudulia la maji. Chumba kilikuwa kimejaa, na mganga, kijana wa Bukavu mwenye koti safi, aliuliza maswali kwa sauti ya kusikika hadi uani.

"Anaumwa wapi? Anaharisha? Kuna kitu amekula?"

Konsolata alimtazama baba aliyesimama kando yake na kofia mkononi. Akatazama benchi lililojaa wanaume.

"Kichwa," akasema. "Ni kichwa tu."

Wakampa kwinini, tukarudi.

Mchana ule Tate aliwatoa watu wote chumbani isipokuwa mimi, niliyekuwa nikimpepea dada yangu, na Shangazi Yuliana. Akakaa kitandani. Akamshika mkono.

"Mutoto wangu, uliingia mu ziwa na damu?"

Konsolata alifumba macho. Akaitikia kwa kichwa.

Tate hakumgombeza. Nilisubiri amgombeze, lakini alimpapasa tu vidole, kimoja kimoja. Na hapo Konsolata akasema maneno ambayo nimeishi nayo hadi uzee huu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na alisema polepole ili asikike.

"Tate, iko kitu ndani yangu. Nimekitafuta, nimeshindwa kukitoa."

"Najua," Tate akasema. "Najua, mwanangu. Tutakitoa sisi."

Konsolata alifungua macho akamtazama. Nadhani aliona faraja pale, nadhani aliamini ameeleweka. Hakusema tena jambo lolote kuhusu hilo.

Walikitoa kwa njia waliyoijua. Tate alikwenda Kituku na jogoo mweupe na pombe ya mtama, akaviacha majini na kuomba radhi kwa niaba ya mjukuu wake. Akarudi na ndoo ya maji ya ziwa, akamwosha kuanzia utosini hadi nyayoni, akiyaita maji yachukue kilicho chao. Shangazi alimnywesha mizizi ya kutapisha, mtu ambaye alikuwa hana tena cha kutapika. Baba alimleta katekista, na katekista akasali pia. Kila mtu alifanya kazi kwa bidii kukizunguka kitanda kile. Konsolata aliacha kulalamika, mikono na miguu ikawa ya baridi, akaanza kuwaita wale watoto wa Madame kwa majina, akiwaambia wasiende mbali, maji ni marefu.

Alifariki asubuhi, ndege wakilia bustanini kwa jirani. Tate alikuwa akimshika kichwa.

Msibani lilisemwa jambo moja tu. Wanawake walilisema jikoni, wanaume walilisema uani wakiwa wamepunguza sauti: ziwa limemchukua, na bibi yake alikuwa amemwonya. Wasichana wa cité waliletwa na mama zao kumtazama ili wajifunze. Walijifunza. Kwa miaka mingi hakuna msichana wa mtaa wetu aliyetia mguu majini katika siku zake, na wachache sana waliotia mguu siku nyingine yoyote. Madame alituma maua na blanketi. Alilia, niliambiwa. Sidhani kama aliwahi kujua.

Mimi nilikwenda kwa masista kusomea ukunga. Nikafanya kazi ya uzazi tangu nikiwa binti mpaka nywele zikawa nyeupe, na katika miaka yote hiyo sikulihusisha lile boksi na kifo cha dada yangu, maana hakuna aliyewahi kuniambia kilichoonekana. Shangazi Yuliana ndiye aliyeniambia, siku moja tukichambua maharage, yeye akiwa karibu kipofu. Yeye na mwanamke mwingine ndio waliomwosha marehemu. Walimkuta na kitu, akasema. Kilikuwa kama panya aliyekufa, cheusi, kinanuka, na kina uzi.

"Tuliogopa," akasema. "Tulijua ni kile kitu cha ziwa. Tulikichoma moto na hatukumwambia hata Tate."

Niliweka ungo chini. Nilimwomba anieleze tena kuhusu uzi.

Basi nilijua. Pamba ya Madame ilikuwa tamponi, na tamponi iliyosahaulika ndani huoza, na vijidudu vikianza kuota humo hutoa sumu inayoingia katika damu. Homa ya ghafla, kutapika, ngozi kuiva kama ya mtu aliyeungua na jua, kuanguka mtu akisimama: nilikuwa nimeyaona yote kwa macho yangu ya mtoto. Huenda uzi ulijikunja ukapanda juu alipokuwa akiogelea. Huenda aliweka cha pili akiwa amekisahau cha kwanza. Hilo silijui na sitalijua. Ninachojua ni kwamba Madame alimfundisha kuweka. Lini kukitoa, na ufanye nini kisipotoka, alidhani kila mwanamke anajua. Na Konsolata, aliyeshindwa kukitoa, alikuwa na aibu ya kumwambia mganga, na alipomwambia bibi yake, bibi yake alisikia jambo jingine.

Wajukuu zangu huenda kuogelea kwenye ziwa dogo la Lac Vert, na siku hizi vitu hivyo vinauzwa dukani. Siwakatazi. Nawaambia kama ninavyowaambia wasichana wote wanaonijia: ziwa halina kosa, halinusi damu ya mtu. Nawa mikono kabla na baada. Weka kimoja tu, na ujue uzi uko wapi. Ukitoka majini kitoe, weka kingine kikavu, na hata usipoogelea, usikae nacho zaidi ya muda wa saa nane. Usiku tumia kitambaa. Ukikosa uzi, chuchumaa, tulia, tafuta kwa kidole kisafi, na ukishindwa njoo kwangu au nenda hospitali siku hiyohiyo, na useme kwa mdomo wako kilichopo. Homa ikikukuta nacho, kitoe kwanza, kisha kimbia kwa daktari. Mmoja wao hunicheka kwamba naongea kama mwalimu wa katekisimu. Na acheke, mradi akumbuke.

Tate alifariki kabla Shangazi hajaniambia. Nimejiuliza mara nyingi kama ningemweleza angekuwa hai, na jibu hubadilika kadiri ninavyozeeka. Onyo lake lilitimia, na kwa sababu lilitimia hakuna mtu aliyeuliza zaidi. Aliishi miaka yake ya mwisho akilichukia ziwa, na chuki ile ilimsaidia kula na kulala. Ukweli ungemnyang'anya ziwa la kulaumu, ukamwachia kile chumba, mchana ule, na mjukuu wake aliyekuwa akitueleza wazi kabisa kinachomuua, na sisi tuliompenda tukimpapasa vidole.