Boma Tulilomjengea Simba

Blugamu, yaani mkaratusi, ikichongwa ingali mbichi hutoa harufu kali inayopanda puani na kufungua kifua, na kila ninapoinusa hadi leo mikono yangu hutaka kushika kitu. Kwangu mimi ni harufu ya likizo moja ya Agosti katika miaka ya tisini, nyumbani kwetu karibu na Sosiot. Asubuhi ukungu ulilala juu ya michai mpaka jua likapata nguvu ya kuuinua, na sisi watoto tulivaa sweta za shule hata kama shule zilikuwa zimefungwa. Alasiri mvua ilikuja bila kukosa. Maganda ya miti yalizagaa kila mahali, mekundu kwa ndani, nasi tuliyaokota tukayakausha juu ya jiko ili yawashie moto wa kesho yake. Katika likizo hiyo kijiji chetu kilimjengea mbwa boma, jambo ambalo kabla ya hapo mtu angelisema kama mzaha tu.

Mbwa huyo aliletwa na baba. Baba alilima chai na kufuga ng'ombe wa maziwa, na pia alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili iliyotangulia alikuwa amehubiri juu ya shomoro, kwamba hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Mama alikuwa amemtuma Fort Ternan kuleta molasi ya ng'ombe. Karibu na stesheni ya reli alimkuta mbwa mkubwa wa kahawia amefungwa mnyororo kwenye nguzo, mbavu nje, hana maji wala kivuli, na watu wa pale wakamwambia kwamba mwenyewe alipanda treni akaenda zake. Baba alituambia kwamba mara ya kwanza alimpita, akafika mbali kidogo, kisha mahubiri yake mwenyewe yakamrudisha. Alimpandisha nyuma ya pikapu aliyoikodi, katikati ya madebe, na walipofika nyumbani mbwa alikuwa ameshagundua kwamba molasi ni tamu. Mama alitoka jikoni akipangusa mikono, akamtazama yule mnyama ambaye akisimama mgongo wake ulinifika kifuani. "Nilikutuma molasi," akamwambia baba kwa upole, "umeniletea simba." Jina likawa hilo.

Tulimlisha ugali uliochanganywa na maziwa yaliyotolewa siagi, na nyama ya kichwa cha mbuzi mama alipoipata, na polepole mbavu zikaanza kujificha. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpelekea chakula, na kwa sababu hiyo alinichagua. Nikienda kuteka maji alinifuata, nikisali kabla ya kulala nilimsikia ng'ambo ya ukuta akijikunja chini ya dirisha langu. Hakuwa na ubaya hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa mapenzi yaliyozidi, na kwamba alipenda vikapu. Njia ya kwenda kituo cha kupimia majani ilipita kando ya uwanja wetu, na kila siku ya kuchuma akina mama walipita pale wakiwa na vikapu vilivyojaa chai mgongoni. Siku moja Simba alimrukia Obot Kiprono kutoka nyuma. Obot Kiprono, yaani mama yake Kiprono, alikuwa jirani yetu wa karibu na kiongozi wa ushirika wa akina mama kanisani. Hakumuuma. Alimwangusha chini, majani yake yakamwagika kwenye matope, kisha akamlamba uso wote kana kwamba ni huyo mama aliyemwokoa kule stesheni. Karani wa kituo aliyakataa majani yale, na kazi ya asubuhi nzima ikawa chakula cha mbuzi.

Mama alimpelekea kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyoganda, yenye mkaa wa mti unaoyapa harufu nzuri, na baba akamchumia majani mengine kutoka shamba letu. Obot Kiprono aliyapokea yote kwa heshima. Lakini alisema wazi kwamba yeye si kijana wa kuangushwa, na kwamba pana akina mama wenye mimba wanaopita njia ile. Ushirika ungekutana kwetu Alhamisi iliyofuata. Akifika amkute mbwa amefungiwa vizuri. Mbwa asipofungiwa, yeye atakwenda kwa naibu chifu, na sote tulijua kwamba mbwa aliyeshtakiwa kwa naibu chifu hupigwa risasi. Kumrudishia mnyororo baba alikataa. Alisema hakumfungua kule ili aje amfunge huku. Nililia siku ile, kisha nikaomba, kwa maneno ambayo nadhani Mungu aliyaona mafupi lakini akayaelewa.

Wanaume wa kijiji walikuja kusaidia, kama walivyokuwa wakisaidiana kujenga nyumba na kupalilia, na mume wa Obot Kiprono alikuwa miongoni mwao. Walikata blugamu zetu za kule mtoni, wakachimba mashimo, wakashindilia nguzo kwa mawe, wakapigilia miti ya kulala kutoka nguzo moja hadi nyingine, na langoni wakaweka miti ya kutelezesha kama ilivyo desturi yetu. Lilikuwa boma zuri kweli. Vijana walilisukuma kwa mabega likakataa kutikisika. Mmoja alisema hata fahali mwenye wivu hawezi kutoka humo, na wote wakakubali, wakanywa chai.

Alhamisi akina mama walipofika, Simba alikuwa ndani ametulia. Obot Kiprono alilizunguka boma mara moja, akagusa nguzo moja. Baba akaomba ruhusa waliombee kabla ya mkutano. Tulisimama duara, tukainamisha vichwa na kufumba macho, na baba akaanza taratibu, tangu Nuhu na wanyama waliotulia safinani, akimshukuru Mungu kwa mikono ya majirani na kwa boma imara ambalo kiumbe huyu hatalivuka. Kabla hajamaliza nilihisi pua baridi ikinigusa mguu. Sikuthubutu kufumbua macho. Baba aliposema amina, Simba alikuwa amesimama katika duara kati yake na Obot Kiprono, masikio yamelala kwa adabu, kama mshirika mwingine.

Wanaume walitazama chini, mama akaushika mkono wangu akaukaza. Obot Kiprono alimtazama mbwa, akatazama ule mti wa chini wa boma, uliokuwa juu ya ardhi kiasi cha ndama kupitisha kichwa.

"Mzee," akamwambia baba, "mmejenga boma ya ng'ombe. Ng'ombe anasukuma na kifua. Huyu yeye analala chini anapita na tumbo."

"Ni kweli," baba akasema. "Hatujawahi kufungia kitu kingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Vizazi na vizazi kwetu mbwa alilala alipotaka, na ua ulikuwa wa ng'ombe peke yake. Mikono ya wanaume ilikuwa imejenga kitu ilichokijua. Obot Kiprono alijaribu kujizuia. Mabega yakaanza kutikisika, kisha akakaa chini kwenye nyasi na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na Simba akaenda kumpangusa kwa ulimi. Safari hii hakumsukuma. Alipopata pumzi alimpa mama Biblia yake amshikie, akajifunga leso kiunoni. "Chebet," akaniita, "kimbia ulete fito. Wanaume, kaeni, mmefanya ya kutosha."

Siku hiyo mkutano ulifanyika kwa mikono. Akina mama walisuka fito kati ya miti, chini hadi juu, kama walivyosuka kuta za ghala za mahindi, wakiimba sauti nne, na kila mmoja alichukua sehemu yake ya ua kuisuka. Kisha Obot Kiprono akasema mbwa mkubwa asiyekimbia atalia usiku kucha, kwa hiyo lirefushwe lifuate njia ya chai mpaka karibu na kituo. Likafanywa hivyo, likachukua sehemu kubwa ya likizo yetu. Kuanzia hapo kila mama aliyepita na kikapu alisindikizwa na Simba kwa ndani ya ua, mpaka mwisho, naye akarudi mbio kumchukua anayefuata. Alisindikiza hivyo mpaka alipozeeka, na siku mbwa huyo alipokufa, Obot Kiprono alipitia kwetu kumpa mama pole kabla ya kwenda kupima majani.

Sasa mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa, na naishi nje ya mji wa Bomet. Chai hubebwa kwa pikipiki, na mbwa wangu yuko nyuma ya ukuta wa mawe uliojengwa na mafundi wa kuajiriwa kwa muda mfupi. Walifanya kazi nzuri, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yao. Hakuna kiumbe anayeweza kupita chini yake. Lakini hakuna mwanamke hata mmoja katika mtaa wangu anayeweza kusimama njiani, akaunyoshea kidole, na kusema, sehemu ile niliisuka mimi.