Ketrina na "Akasema" Yake

Ketrina wa hapa Mlowo ana ugonjwa mmoja tu: kutunga hadithi. Mchana tunachambua naye kahawa kwenye vichanja, tukitoa punje mbovu. Jioni anaandika kwenye simu. Kwetu mikono haisimami kwa porojo. Ikisimama, ujue habari imekamata.

Redio moja ya mkoani ikatangaza inatafuta hadithi ya kusomwa hewani Jumamosi. Ketrina aliitaka nafasi ile mpaka hamu ya kula ikamwisha. Kabla ya kuituma yake akatusomea sisi wenzake. Ilikuwa habari ya binti anayemuaga mama yake mgonjwa ili avuke mpaka wa Tunduma, aende Zambia kutafuta maisha. Nzuri sana, ila kwa Ketrina hakuna mtu anayesema. Wanafoka, wanabwata, wananguruma. Tukafika mama anapoomba maji.

"'Nipe maji,' alinguruma mama," akasoma.

Jamani, tulicheka! Mgonjwa wa kitandani ananguruma kama lori la shaba linalopanda mlima.

Ketrina akanuna, na mimi nikamwonea huruma kweli. Alijitetea kwamba "akasema" ni neno la wavivu, redioni wanataka maneno mazito.

Tukaendelea na kazi. Shangazi Gwantwa, mkubwa wetu pale, akaanza kutusimulia alivyoagana na marehemu dada yake kule Isongole. Dada akasema hivi, mimi nikasema vile, akasema tena. Nilipoinua macho, wenzangu wanafuta machozi, na Ketrina amemkodolea macho shangazi. Mikono yote ilikuwa imesimama.

"Shangazi," Ketrina akasema, "mbona kila mara ulikuwa unasema 'akasema'?"

"Nimelisema? Mimi nilikuwa namsikiliza dada."

Sijawahi kuona mtu anafuta maneno yake kwa furaha namna ile. Ketrina alichukua simu palepale, anacheka peke yake, mingurumo yote nje. Alimbakiza dereva mmoja anayefoka kwenye foleni ya mpakani, kwa sababu huyo anafoka kweli.

Jumamosi tukaweka redio juu ya kichanja. Jina la Ketrina likatajwa! Tulipiga vigelegele mpaka wapita njia wakauliza kuna harusi ya nani. Kisha tukatulia, tukachambua, tukasikiliza.

"'Nipe maji,' mama akasema," ikasoma redio.

Hakuna aliyecheka. Ketrina hakuwa anaiangalia redio, alikuwa anaangalia mikono yetu. Ilikuwa imesimama.