Walioshindwa Kila Fainali: Safari Yangu kwa Mashabiki wa Schaerbeek

Niliondoka Moshi mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, kwa sababu dada yangu Anna alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko Brussels na hakuwa na mtu wa kumsaidia kulea. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mkuu wa chuo. Ya pili ilikuwa wazi kwa kila aliyenijua: nilikuwa nimechoka kubishana.

Nilikuwa nafundisha michezo katika chuo cha ualimu, na timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu ilikuwa inafika fainali ya vyuo mwaka hadi mwaka na kushindwa mwaka hadi mwaka. Hatukuwa timu mbovu. Njiani tuliwapiga wote, halafu siku ya mwisho, tukiwa tunaongoza, mikono ya wasichana ikawa mizito kama wamebeba matofali. Kwenye ofisi ya walimu kila mtu alikuwa na dawa yake. Mwalimu wa hesabu alisema hawana pumzi. Wa historia alisema wanakula ugali mwingi mno kabla ya mchezo. Mkuu wa chuo aliniambia kwa upole kwamba nikirudi tutakaa tuamue kama timu iendelee, au mipira wapewe wavulana. Nikafunga sanduku na maneno hayo kifuani.

Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku wa kuondoka, ulijaa wazungu waliochomwa na jua la mlimani. Ndege ilitufikisha Amsterdam asubuhi, na hapo nikapanda treni ya kwenda Ubelgiji. Nchi ni bapa kama meza. Ng'ombe wakubwa, madoa meusi kwa meupe, walisimama kwenye majani yaliyolowa na sikuona hata mchungaji mmoja. Nilipofika stesheni ya kusini ya Brussels, shemeji yangu, mtu wa ubalozi, alinipokea na koti lake la akiba. Alijua nimekuja na sweta tu.

Uccle, wanakokaa, ni mtaa wa miti mirefu na mbwa wanaotembezwa. Ukimya wake ulinitia wasiwasi siku za kwanza. Nilishinda ndani nikimbembeleza mtoto, na ilikuwa pale kwenye ngazi za jengo, mtoto begani, ndipo sauti ya mwanamke ikauliza nyuma yangu, "Weye unasema Swahili ya wapi?"

Alikuwa Maman Zawadi, Mkongo wa Bukavu, mama wa makamo mwenye kicheko cha chinichini. Kila siku alikuja kumhudumia bibi mmoja mgonjwa wa ghorofa ya juu. Nilipomwambia mimi ni mwalimu wa mpira wa kikapu, alitua kikapu chake cha sokoni kwenye ngazi.

"Mutoto yangu anacheza basket," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambako "ndiye" ni "njo" na "wale" ni "bale". "Espérance. Njo capitaine ya timu ya école yao. Banachezaka muzuri, halafu mwisho banashindwa. Kila mwaka vile. Kuya dimanche, ukule sombe, usikie vile papa bale banagombana."

Jumapili nilipanda tramu. Inatoka Uccle, inapita mbele ya jengo kubwa la mahakama, inashika barabara ndefu iliyonyooka hadi kanisa lenye kuba, na hapo Schaerbeek inaanza: nyumba zimebanana, maduka ya Waturuki yamepanga biringanya na nyanya hadi barabarani, na kwenye vituo vya basi unasikia Kilingala na Kifaransa kwa pamoja.

Kwa Maman Zawadi meza ilikuwa imeenea chumba kizima. Watu wawili nataka muwafahamu; huko mtu mzima huitwa Papa, baba, au Tonton, mjomba, kwa heshima tu. Wa kwanza ni Papa Cyprien, mlinzi katika ofisi moja ya mtaa wa taasisi za Ulaya, mrefu, mwenye kifua cha mtu aliyewahi kucheza. Alicheza Bukavu ujanani. Wa pili ni Tonton Faustin, msafishaji wa ofisi hizohizo, mwembamba, aliyesomea uchumi na bado anaongea kama yuko mbele ya darasa. Kila mmoja alikuwa na mpwa kwenye timu ile.

Kabla ya chakula Tonton Faustin alisema alijaribu tena kupiga simu Bukavu. Haikuita. Mwaka ule vita vilikuwa vimepita Kivu, na ndugu mmoja wa Maman Zawadi alikuwa hajulikani aliko. Maman Zawadi alipakua sombe, kisamvu cha kwao, sahani baada ya sahani, bila kuinua macho. Kisha Papa Cyprien akakohoa.

"Bon," akasema. "Tuongee ya basket."

Na chumba kikafufuka. Sijapata kuona watu wakibishana kwa bidii namna ile.

"Miye nasema hivi," alianza Papa Cyprien. "Batoto beko bafupi. Donc, banafika mwisho, banakutana na bale barefu ba Liège, c'est fini."

"Papa Cyprien," alisema Tonton Faustin, "mu octobre beko bafupi na banashinda. Mu mai beko bafupi na banashindwa. Alors, ufupi inaongezekaka?"

"Inaonekanaka."

"Hapana. Ni coach. Habadirishe bachezaji. Ile fille wa Turquie, Aylin, anachoka, anamuacha tu pale."

Walirudia fainali ya mwaka uliopita mpira kwa mpira, nani alipoteza, nani alichelewa, kwa majina. Nilicheka hadi nikasahau ofisi ya walimu ya kwetu. Katikati ya hayo binti mmoja aliinuka taratibu, akakusanya sahani, akaenda jikoni. Ndiye Espérance. Baada ya kitambo nikamfuata, kama mgeni anayetaka kusaidia kuosha vyombo.

Nilimuuliza kama yuko tayari kwa nusu fainali. Alisugua sufuria muda mrefu.

"Hii njo mwaka ya mwisho yangu," alisema. "Tukishinda nusu fainali, finale sichezi. Nitasema mguu inauma."

"Inauma?"

"Hapana."

Nikamuuliza kama amewaambia wale wa mezani. Alinitazama kama nimemwambia apande juu ya paa. "Bakubwa? Mwalimu, bakubwa unabaambia aje?"

Nusu fainali ilichezwa kwenye ukumbi wa shule yao, chumba cha matofali chenye harufu ya mpira na rangi mpya. Mashabiki wetu walikaa nyuma kabisa ya benchi, kiasi kwamba kocha, Mbelgiji mmoja wa makamo jina lake Madame Lieve, aliweza kusikia pumzi zao. Wasichana walicheza kwa namna iliyonifurahisha. Pasi zao zilikuwa fupi na za haraka. Ulinzi wao ulikuwa kama wavu. Hadi dakika za mwisho walikuwa mbele, na hapo nikaona kitu ninachokijua. Aylin aliupata mpira akiwa peke yake chini ya kikapu, na badala ya kutupa akautoa kwa mwenzake. Aliyepewa akautoa. Espérance naye akautoa. Mpira ulizunguka kama sufuria ya moto isiyo na kishikio. Na kila ulipoguswa, sauti ya Papa Cyprien ilishuka kutoka nyuma ikiita jina la aliyeugusa.

Walishinda kwa pointi chache. Espérance hakupiga makofi.

Jumapili iliyofuata meza ilikuwa na kelele kuliko mwanzo, ingawa timu ilikuwa imeshinda. Sasa walikuwa wanabishana kwa nini itashindwa fainali. Papa Cyprien akanigeukia mimi.

"Maman Mwalimu, weye njo kazi yako. Tuambie. Juu ya nini banashindwaka?"

Nilikuwa mgeni, na kwao mgeni hujibu jambo la kupendeza. Lakini nilifikiria wasichana wangu wa Moshi, na jinsi ambavyo kwenye ofisi ile ya walimu sikuwahi kumsikia hata mmoja wao.

"Papa," nilisema, "jibu haliko kwangu. Lipo jikoni."

Maman Zawadi alimwita binti yake. Espérance akaja na mikono yake bado ina povu la sabuni, akasimama mlangoni. Alimtazama mama yake, na mama yake akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Tunabasikia," alisema Espérance. "Kila mupira, tunabasikia. Mwisho ya match hakuna mutu anautaka mupira, juu mwenye ataukosa, jina lake itakuwa hapa juu ya meza, mwaka muzima. Mwaka jana ilikuwa Aylin. Aylin hasemi Swahili, lakini jina yake anaisikia."

"Hata miye?" aliuliza Papa Cyprien.

"Weye kupita bote, papa."

Mahali pengi nilipopita, mtu mzima akiambiwa hivyo mbele ya wageni, huondoka akibamiza mlango, au humkumbusha mtoto adabu. Papa Cyprien alikaa. Aliweka mikono yake miwili mikubwa juu ya kitambaa cha meza, akaiangalia.

"Espérance," akasema baadaye, "sisi tunaongea basket ili tusilie. Unaelewa? Ya nyumbani hatuwezi kuiongea. Hatukujua kama weye njo unalia."

Tonton Faustin alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. Maman Zawadi alimvuta binti yake, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akampakulia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Espérance akila mezani pale hadi mwisho. Kuhusu mguu hakusema lolote, nami sikuuliza.

Siku ya fainali mashabiki wa Schaerbeek hawakukaa nyuma ya benchi. Walivuka wakakaa upande wa pili, mbali, na Madame Lieve aligeuka mara mbili kutazama viti vitupu kana kwamba ameibiwa. Timu ya Liège walikuwa warefu kweli; katika hilo Papa Cyprien hakukosea. Lakini wetu waliwashika. Mashabiki waliimba wimbo wa kanisani, wa sauti nne, na hakuna jina lililoitwa. Nilimwona Papa Cyprien akishika ukingo wa kiti chake pale mambo yalipoharibika, midomo imefumbwa, jasho likimtoka.

Mwishoni Liège walikuwa mbele kwa pointi moja na mpira ulikuwa wetu. Aylin aliinua mkono, anautaka. Msichana mwingine kando naye aliinua wake. Nikashika mkono wa Maman Zawadi, kwa maana hicho ndicho nilichokuwa sijakiona: mikono iliyoinuka. Espérance aliona nafasi, akaruka, akatupa mwenyewe. Mpira uligonga chuma, ukazunguka juu ya ukingo, ukamwagika nje.

Walishindwa tena.

Tulishuka ngazi. Espérance alikuwa ameketi sakafuni, taulo kichwani, na Madame Lieve amepiga magoti kando yake. Papa Cyprien alikuwa amevaa sare ya ulinzi, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza jioni ile na tayari alikuwa anachelewa. Akainama mpaka akaona uso wake chini ya taulo.

"Mupira uliutaka?"

"Niliutaka, papa."

"Basi," alisema. Akamshika begani, akaenda kazini.

Nilibaki Brussels hadi mtoto wa Anna alipoanza kucheka. Jumapili zangu zote zilikuwa za Schaerbeek. Msidhani watu wale waliacha kubishana. Walibishana kuliko zamani, ila sasa wasichana nao walikuwa mezani, Aylin akiwemo, akila sombe kwa mkate na kumtaka Espérance amtafsirie kila neno. Tonton Faustin alipanga vikombe kuonyesha kwamba ule mpira wa mwisho ungepaswa kwenda kushoto. Espérance alisogeza kikombe kimoja, akamwonyesha mlinzi wa Liège aliyekuwa hapo, ambaye yeye kutoka kwenye viti hakumwona. Tonton alikitazama kikombe.

"Sikumuona," alikiri.

"Mwaka kesho anabaki Aylin," alisema Papa Cyprien. "Muulize yeye atafanya nini."

Nilipoaga, Maman Zawadi alinisindikiza hadi kwenye tramu. Simu ya Bukavu ilikuwa bado haijaita. Aliniambia atapiga tena Jumapili, kabla ya chakula, kama kawaida.

Safari ya kurudi ilikuwa ileile kinyumenyume, na sikumbuki mengi kwa sababu nililala. Watu wameniuliza tangu hapo nilichokiona Ulaya. Niliona treni zinazofika kwa wakati na ng'ombe wasiochungwa. Lakini ninachokisimulia zaidi ni watu waliopoteza nchi kwa muda, wanaofanya kazi ya kulinda milango na kufagia korido, ambao waliambiwa na binti wa umri mdogo kwamba mapenzi yao yanamwumiza, wakasikia, wakahamisha viti. Sijui kama mimi ningeweza.

Kikao cha mkuu wa chuo kilifanyika wiki niliyorudi. Mwalimu wa hesabu alileta tena habari ya pumzi. Niliomba muhula mmoja tu, wakanipa, kwa shingo upande.

Jioni ile nikawakusanya wasichana uwanjani kabla mpira wowote haujadundwa. Nikawauliza, nani kati yao huwa hautaki mpira, dakika za mwisho? Walitazama viatu vyao. Nilingoja. Upepo wa mlima ulishuka ukapita kwenye vyavu, na mimi nikaendelea kungoja.

Kisha mlinzi wetu bora, msichana ambaye tangu aje chuoni nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya "ndiyo, mwalimu", akanyoosha mkono. Aliyekuwa nyuma yake akanyoosha wake. Halafu wa tatu.

Nikaketi chini pamoja nao, hapohapo kwenye sementi, tukaanza kuzungumza.