Kijiko cha Sukari Kwenye Kopo la Kostiki

Kijiko cha sukari nilikikuta kimezama ndani ya kopo la kostiki.

Kama hujui kostiki, ni zile chenga nyeupe tunazotengenezea sabuni ya mwani. Ukizigusa na mkono wenye majimaji zinakuchoma. Mtoto akizimeza zinamuunguza kuanzia ulimi mpaka tumboni, na wengine hawaponi.

Kwenye mkeka, bakuli la mwanangu Aziza limepinduka. Uji umemwagika, umegeuka manjano, una povu pembeni.

Aziza hayupo. Bibi yake hayupo. Mlango wa uani uko wazi.

Wallahi nilikaa chini palepale jikoni.

Naitwa Arafa, naishi Kiegeani, hapahapa Mafia. Nawaeleza ilivyokuwa, na najua kuna watakaonitukana. Tukaneni tu, nimestahili.

Waliomo kwenye grupu letu la mambo ya nyumbani wananijua. Mimi ndiye mwenye kiherehere. Vyombo vikaushwe kabla ya kulala, shuka na foronya zake zikunjwe pamoja, kitambaa cha meza kisishikiwe sufuria. Sakafu yangu unaweza kulia wali bila sahani. Sifa zilikuwa zinamiminika, na kichwa kikavimba.

Aliyekuwa ananiharibia ni mama mkwe wangu, Bi Mwanahalima, ninayeishi naye.

Mwaka huu alianza vituko. Nikihamisha kinu, nikigeuka nakikuta kimerudi kushoto mwa mlango. Nikisogeza ndoo ya maji, inarudi. Asubuhi namsikia ukumbini anatembea polepole huku anahesabu.

"...Tano. Sita. Saba."

Akifika saba anageuka, anaingia jikoni.

Na Aziza, ana miaka mitano, hambanduki. Popote bibi alipo, yupo, wameshikana mikono. Siku moja nikamwita pembeni.

"Bibi anahesabu nini?"

"Siri," akasema, akakimbia.

Jamani, mtoto wangu mwenyewe!

Halafu nikaona mafundo. Ndoo ya kostiki nilikuwa naiweka chini ya meza, peke yake. Nainua, nakuta kipande cha kanga kwenye mkono wa ndoo kina mafundo matatu. Nikaangalia kopo la chumvi, fundo moja. La sukari, mawili.

Nikamwita jirani yangu Zuena. Akaangalia, akarudi nyuma.

"Shoga, unafungwa hivyo."

"Nafungwa nini?"

"Mimi najua? Mtu mzima hafungi mafundo bure. Hebu niambie, baada ya Aziza umeshika mimba nyingine?"

Sikuwa nimeshika. Miaka mitano yote hiyo, kimya. Kuanzia siku hiyo nikawa naishi kwa woga ndani ya nyumba yangu. Chai akinikorogea, nasubiri ageuke, naimwaga.

Mume wangu Sudi ni fundi wa injini za boti Kilindoni, anarudi Ijumaa kwa Ijumaa. Nikampigia.

"Baba Aziza, mama apelekwe Dar kwa kaka yako Taufiki. Mimi siwezi tena."

"Kafanya nini?"

"Anafunga mafundo, anahesabu. Kama si uchawi basi akili zinamtoka. Kwa vyovyote, hapa hapamfai."

"Arafa, mama yangu huyo."

"Na Aziza ni mwanangu!"

Nilisema hayo kwa sauti, nimesimama uani. Bi Mwanahalima alikuwa upande wa pili wa ua wa makuti anasuka ukili. Vidole vyake vilisimama kidogo, kisha akaendelea. Nilimwona, na sikujali.

Alhamisi nikajitoa mhanga. Nikakata mafundo yote nikisoma Ayatul Kursi kwa sauti, nikayatupa shimo la choo. Kisha nikalipanga jiko upya. Makopo manane ya plastiki ya kuonyesha ndani, yote saizi moja, yote mfuniko wa bluu, kwenye rafu mpya. Kila kopo na kibandiko chake chenye maandishi ya kurembwa.

Nikapanga kwa rangi. Nyekundu pamoja, kahawia pamoja, nyeupe pamoja. Unga, chumvi, sukari, kostiki.

Najua mnataka kusema nini. Kostiki kwenye rafu ya chakula? Ndiyo. Niliona kibandiko kinatosha, na picha ilikuwa inakaa vizuri. Nikarekodi video, nikaitupia grupuni. Mioyo ilimwagika mpaka simu ikawa moto.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwenye kikundi chetu cha kina mama kukata sabuni. Nusu njia nikakumbuka nimesahau visu, nikarudi.

Ndipo nikakuta kile kijiko.

Sijui niliinukaje pale chini. Nikatoka mbio, kanga imebaki mlangoni. Zuena alikuwa kibarazani kwake.

"Zuena! Aziza umemwona?"

"Wamepita sasa hivi, yeye na bibi yake, mbio mbio. Mtoto analia."

"Anatapika?"

"Sikuangalia, shoga. Wameshika njia ya zahanati. Kuna nini?"

Nilikimbia. Kandambili moja ilikatika, nikaiacha na ya pili. Nilikuwa naona ule mdomo mdogo wa Aziza, unavyopuliza uji kabla ya kunywa. Yarabi, mchukue huyu ajuza, niachie mwanangu. Naam, niliomba hivyo. Nyie nihukumuni.

Kwenye mlango wa zahanati nikakutana na nesi Cresensia.

"Mama Aziza, kaa kwanza."

Nani asiyejua maana ya kuambiwa kaa kwanza? Nilipiga ukelele, watu wakasimama.

"Sikai! Mwanangu yuko wapi?"

"Mama?"

Aziza alikuwa kwenye benchi, miguu inaning'inia, uso umejaa makamasi. Nilimrukia. Nikampanua mdomo, nikaangalia ulimi, ufizi, koo, nikamnusa kama mbuzi anavyomnusa mwanawe.

"Hajanywa," Cresensia akasema. "Hata tone. Nilitaka ukae maana unahema vibaya. Mgonjwa ni huyo mwingine."

Bi Mwanahalima alikuwa ameinamia karo, mkono wa kulia chini ya bomba. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba malengelenge kuanzia vidole mpaka kiwiko.

"Umekuja, mwanangu?" akasema. Alikuwa ameelekeza uso ukutani, mimi nimesimama kushoto kwake.

"Mama, umefanya nini?"

"Uji ulikuwa umeshaepuliwa, vuguvugu tu. Natia sukari, ukaanza kunguruma ndani ya bakuli. Sukari haingurumi hata siku moja... haingurumi, mwanangu. Na mtoto nilimsikia ameshainua bakuli. Nikalipiga kwa mkono."

Akausogeza mkono zaidi chini ya bomba.

"Huyu mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili," Cresensia akaniambia taratibu. "Nimemwonyesha vidole, nikamuuliza vingapi. Akaniambia niulize swali jingine."

Nikamwangalia Aziza. Aziza akaangalia chini.

"Mimi najua," akasema. "Bibi aliniambia nisiseme. Mkijua mtampeleka Dar."

Nilitamani ardhi inimeze. Hatua saba kutoka mlango wa chumba chake mpaka jikoni. Kinu kushoto mwa mlango asije akajikwaa. Kutwa kushikana mikono na mjukuu. Mwaka mzima naishi na mtu asiyeona, namwita mchawi.

"Fundo moja chumvi," Bi Mwanahalima akasema. "Mawili sukari. Matatu ile sumu yako ya sabuni, nisije nikaigusa. Leo nimepapasa sana, sikuyakuta. Nikahesabu tu makopo."

"Kwa nini hukuniuliza, mama?" Nilikuwa nalia sasa.

Akageuzia uso upande wa sauti yangu.

"Nilikuuliza."

Nikaapa moyoni kwamba hakuniuliza. Mimi na roho yangu mbaya yote, ningekumbuka.

Sudi alipofika jioni tulimweleza kila kitu. Alilia mbele ya mama yake, na Jumatatu akaanza kufuatilia upasuaji wa macho. Ijumaa ileile, wakati wanazungumza, mimi nikashika simu nikaifungua ile video. Nilitaka kuifuta.

Nikaitazama mara ya mwisho.

Mimi nimejaa kwenye kioo, naonyesha vibandiko, nacheka. Nyuma yangu, pembeni kabisa, yupo Bi Mwanahalima. Vidole vyake vinapita juu ya makopo, kimoja kimoja, vinarudi, vinapita tena. Kisha sauti yake, ya chini:

"Mama Aziza, sukari umeiweka wapi?"

Na mimi, bila kugeuka:

"Si imeandikwa hapo, mama? Kwani huoni?"

Watu mia mbili na zaidi waliiangalia video ile. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiangalia mara sita, najiangalia mimi.

Sikuifuta. Nimeirudisha grupuni na maelezo haya, ili mwone mlichokuwa mnakipigia makofi.

Ndugu zangu, pangeni nyumba, usafi ni katika imani. Lakini kabla hujahamisha kopo, muulize kila anayelishika. Kitu chenye sumu kikae mbali na chakula, ndani ya chombo chake kilichokuja nacho, hata kama ni kibaya. Na ukiona mtu mzima anafanya jambo usilolielewa, kaa naye umuulize, usimpeleke kwa jirani kwanza.

Rafu nimeibomoa. Kostiki sasa inakaa kikundini, kwenye sanduku lenye kufuli.

Jana nimechana kanga yangu mpya, nikakaa miguuni pa Bi Mwanahalima anifundishe kufunga. Moja chumvi. Mawili sukari. Aliyapapasa yote kwa mkono wa kushoto, akaniambia ya sukari nimeyalegeza, nifunge upya.